Kiwambo cha kipakatalishi kikivurugika, usikimbilie kununua kipya

KIPAKATALISHI kinapoanza kuonyesha mistari, kupepesa au kuivuruga picha hata maandishi yasisomeke, wamiliki wengi huamini kwamba kioo kimekufa na kwamba dawa yake ni kununua kingine.

Imani hiyo imewagharimu wengi. Kioo kipya hununuliwa na kufungwa, kisha baada ya siku chache mistari ileile hurejea, kwa kuwa chanzo chake kilikuwa kwingine kabisa: kebo iliyochakaa, programu iliyoharibika, kumbukumbu iliyolegea au chipu iliyozidiwa na joto.

Hasara ya namna hii humuuma zaidi mwanafunzi wa chuo anayekaribia kuwasilisha tasnifu, au mfanyabiashara mdogo ambaye hesabu zake zote zimo ndani ya mashine moja. Isitoshe, vipakatalishi vingi vinavyouzwa humu nchini ni vya mitumba kutoka Uingereza, Dubai na kwingineko, na muda wa dhamana ya mtengenezaji huwa ulikwisha zamani. Kila kosa la kukisia hulipwa kutoka mfukoni mwa mwenye mali.

Lakini si lazima mtu akisie. Majaribio matatu mepesi, yasiyohitaji bisibisi wala ujuzi wa fundi, yanaweza kuonyesha tatizo limo upande gani kabla ya shilingi hata moja kutumika kwa vipuri. Ili kuyaelewa majaribio hayo, yafaa kwanza kufahamu njia ambayo picha hupitia hadi ikaonekana.

Safari ya picha

Picha inayoonekana kwenye kipakatalishi haizaliwi kwenye kioo. Huundwa kwanza na chipu ya picha, ambayo katika mashine nyingi imo ndani ya kichakataji chenyewe na huazima sehemu ya kumbukumbu kuu ili kufanya kazi yake. Mashine za wachezaji wa michezo ya video na za wahariri wa filamu aghalabu huwa na chipu ya picha ya kando, yenye kumbukumbu yake binafsi.

Kutoka kwenye chipu, picha hupita katika kebo nyembamba inayoanzia kwenye bodi kuu, ikapenya kwenye bawaba ya kifuniko na kupanda hadi nyuma ya kioo. Mashine za zamani hutumia kebo ya mfumo unaoitwa LVDS, na za miaka ya karibuni hutumia mfumo wa eDP, ambao kanuni zake za kwanza zilitolewa mwaka 2008. Kebo hii hukunjwa na kukunjuliwa kila mara kifuniko kinapofungwa na kufunguliwa.

Kituo cha mwisho ni kioo chenyewe. Kioo chenye vipimo vya 1366 kwa 768, ambavyo ni vya kawaida katika mashine za bei nafuu, kina nukta 1,049,088, na kila nukta ina vijisehemu vitatu vya rangi nyekundu, kijani na buluu. Kingoni mwa kioo mna chipu ndogo zinazopeleka umeme kwenye safu za wima na za mlalo, na kwa kawaida picha nzima huandikwa upya mara 60 kila sekunde. Katika vioo vya aina ya LCD, ambavyo ndivyo vilivyoenea, kuna pia taa nyuma, kwa sababu nukta zenyewe hazitoi mwanga.

Kwa hivyo, picha iliyovurugika imevurugikia katika kimojawapo cha vituo hivyo vitatu: mahali inapoundwa, njiani, au mahali inapoonyeshwa. Kazi ya mwenye mashine ni kutambua ni kituo kipi.

Okoa kazi kwanza

Kiwambo kibovu hakimaanishi kwamba faili zimepotea. Diski inayohifadhi nyaraka iko mbali na kioo, na mara nyingi huwa salama hata picha ikitoweka kabisa.

Hata hivyo, hitilafu ya joto au ya bodi kuu inaweza kuzidi wakati wowote na kuifanya mashine isiwake tena. Maadamu bado kuna picha ya kusomeka, hata kwa taabu, ni busara kunakili nyaraka muhimu kwenye diski ya nje au kuzituma kwenye hifadhi ya mtandaoni kabla ya kugusa kitu kingine.

Vilevile mwenye mashine aitazame betri. Ikiwa kifuniko hakifungiki vizuri, kibodi imeinuka au sehemu ya chini imevimba, huenda betri imefura na inasukuma sehemu nyingine, kioo kikiwemo. Betri ya namna hiyo inaweza kushika moto. Haifai kuchajiwa, kudungwa wala kukandamizwa irudi mahali pake. Mashine izimwe na ipelekwe kwa fundi anayeaminika.

Jaribio la kwanza: kiwambo cha nje

Jaribio lenye manufaa zaidi ni kukiunganisha kipakatalishi na runinga au kiwambo kingine kwa waya wa HDMI, au wa VGA kwa mashine za zamani. Runinga ya nyumbani yatosha.

Katika mashine zinazotumia Windows, mtumiaji hubonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P, kisha akachagua picha ionekane kwenye viwambo vyote viwili. Iwapo kiwambo kimeharibika kiasi cha kutoonyesha menyu, anaweza kushikilia kitufe cha Windows, akabonyeza P mara moja, akabonyeza Enter na kusubiri sekunde chache. Picha isipotokea kwenye runinga, arudie na kuongeza mbonyezo mmoja wa P kila mara.

Picha ikiwa safi kwenye runinga huku kipakatalishi kikiendelea kuonyesha mistari, basi mahali picha inapoundwa ni pazima. Tatizo liko kwenye kebo au kwenye kioo.

Picha ikiwa mbovu kwenye viwambo vyote viwili, na kwa namna ileile, kununua kioo kipya ni kupoteza fedha. Kasoro imetokea kabla ya picha kuondoka kwenye bodi: katika programu, kumbukumbu au chipu ya picha.

Kuna tahadhari moja. Baadhi ya mashine zina chipu mbili za picha, na mlango wa HDMI huenda unahudumiwa na chipu tofauti na ile inayohudumia kioo. Kwa sababu hiyo jaribio la kwanza halifai kuachwa peke yake.

Jaribio la pili: picha ya skrini

Jaribio la pili linahitaji simu tu. Mtumiaji hubonyeza kitufe cha Windows pamoja na kile kilichoandikwa PrtSc, na mashine hunasa picha ya kila kinachoonekana na kuihifadhi katika folda ya picha. Kisha huituma kwenye simu yake na kuitazama huko.

Mistari ikionekana pia kwenye simu, ina maana kwamba iliingia kwenye picha tangu ilipokuwa ikiundwa. Mshukiwa ni programu, kumbukumbu au chipu.

Picha ikiwa safi kwenye simu, kuna uwezekano mkubwa kuwa mistari huongezwa baadaye, njiani au kwenye kioo. Jibu hili haliiondolei chipu lawama zote, kwa kuwa inaweza kuiunda picha vizuri lakini ikakosea inapoitoa nje. Ndiyo maana mafundi makini hulinganisha matokeo ya jaribio hili na ya lile la kwanza.

Jaribio la tatu: kabla Windows haijaamka

Mashine inapowashwa, huonyesha nembo ya mtengenezaji kabla ya Windows kuanza. Wakati huo, kubonyeza F2, F10, Esc au Delete, kutegemea aina ya mashine, hufungua menyu ya mipangilio ya msingi ambayo haitegemei Windows hata kidogo.

Kiwambo kikivurugika hata hapo, Windows haihusiki na hakuna haja ya kuisakinisha upya. Kikiwa safi hapo na kuanza vurugu baada ya Windows kufunguka, basi programu ndiyo ya kuchunguzwa kwanza. Isipokuwa tu kwamba hitilafu inayoletwa na joto huweza kujificha katika menyu hiyo, kwa kuwa chipu haijapewa kazi nzito.

Matokeo ya majaribio yote matatu yaandikwe kwenye karatasi. Yatamsaidia fundi, na yatamlinda mwenye mashine dhidi ya fundi asiye mwaminifu.

Programu inapokosea

Baadhi ya matatizo si kuharibika. Rangi ikiwa ya manjano nyakati za jioni, huenda mashine imewekwa kupunguza mwanga wa buluu usiku. Picha ikiwa imepinduliwa miguu juu kichwa chini, au rangi zikiwa zimegeuzwa nyeupe kuwa nyeusi, kuna uwezekano kwamba mtoto amebonyeza vitufe bila kujua. Maandishi yakiwa makubwa na yenye ukungu, vipimo vya kiwambo vimebadilishwa. Yote haya hurekebishwa katika mipangilio bila gharama.

Vurugu za ghafla mara nyingine huondoka kwa kubonyeza kwa pamoja vitufe vya Windows, Ctrl, Shift na B. Amri hiyo huianzisha upya draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuwasiliana na chipu ya picha. Kiwambo huwa cheusi kwa muda mfupi kisha hurejea, na kazi iliyokuwa wazi haipotei.

Kiwambo kikiwa kinapepesa, mtumiaji afungue Task Manager kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc. Dirisha hilo likipepesa pamoja na vingine vyote, mshukiwa ni draiva. Lisipopepesa huku sehemu nyingine zikipepesa, kosa ni la programu mojawapo iliyowekwa, na dawa ni kuisasisha au kuiondoa.

Jaribio jingine ni kuiwasha mashine katika hali ya usalama, ambamo Windows huacha draiva ya kawaida na kutumia ile ya msingi. Katika Windows 10 na 11, mtumiaji hushikilia kitufe cha Shift anapochagua Restart, kisha akafuata menyu za urekebishaji hadi Startup Settings na kuchagua namba 4. Vurugu zikikoma hapo, draiva iliyokuwapo ndiyo yenye kasoro.

Ikiwa taabu ilianza mara baada ya Windows kujisasisha, draiva ya awali inaweza kurejeshwa kupitia Device Manager. Vinginevyo, mpya itafutwe kwenye tovuti ya mtengenezaji wa mashine au wa chipu. Programu za bure zinazojinadi mtandaoni kwamba zitasasisha kila draiva ziepukwe, kwani baadhi yake huingiza virusi na matangazo.

Bawaba hufichua kebo

Majaribio yakionyesha kwamba tatizo liko njiani au kwenye kioo, hatua inayofuata ni kukisogeza kifuniko. Mashine ikiwa imewashwa, kifuniko kifunguliwe polepole hadi mwisho, kisha kirudishwe polepole karibu kifungike, macho yakiwa kwenye picha.

Mistari ikija na kuondoka kulingana na pembe ya kifuniko, kebo imelegea au nyaya zake zimeanza kukatika kwenye bawaba. Dalili nyingine za kebo ni kiwambo kugeuka cheupe chote, rangi moja kutoweka, au picha kurejea mtu anapokandamiza kidogo fremu karibu na bawaba.

Kukaza kebo ni kazi ya dakika chache kwa fundi. Kuibadilisha nayo kwa kawaida ni nafuu kuliko kununua kioo.

Udhaifu huu hauzihurumii hata mashine za bei ya juu. Mnamo Mei 2019, kampuni ya Apple ilitangaza mpango wa kurekebisha bila malipo taa za viwambo vya baadhi ya MacBook Pro za inchi 13 za mwaka 2016, ambazo zilionyesha madoa ya mwanga sehemu ya chini ya kiwambo au kuzima taa kabisa. Mafundi wa iFixit wa Marekani walikuwa wameeleza mapema mwaka huo kwamba kebo nyembamba iliyozunguka bawaba ilikuwa fupi mno, na kwamba katika toleo la 2018 ilirefushwa kwa takriban milimita 2. Tofauti ndogo kiasi hicho ilitosha kuamua kama kiwambo kitadumu au la.

Kabla ya kuilaumu kebo, ni vyema kuondoa sumaku zote karibu na mashine. Vipakatalishi vingi hutambua kwamba kifuniko kimefungwa kwa kuhisi sumaku iliyofichwa ndani yake. Bangili yenye sumaku, kipaza sauti au hata kipakatalishi kingine kilichowekwa chini yake kinaweza kuidanganya mashine ikazima kiwambo.

Dalili za kioo kibovu

Kuna dalili ambazo hukishtaki kioo moja kwa moja. Mojawapo ni ufa wenye madoa meusi yanayosambaa kama wino uliomwagika. Nyingine ni mstari mmoja mwembamba ulionyooka kutoka ukingo hadi ukingo, usiobadilika rangi wala mahali hata picha ikibadilika. Mstari huo hutokea pale mshikamano kati ya chipu za ukingoni na safu za kioo unapoachana. Karakana za kawaida haziwezi kuurudisha, na hapo ndipo kioo hubadilishwa.

Kiwambo kinapokuwa cheusi ilhali mashine inasikika ikifanya kazi, tochi ya simu yatosha kutoa jibu. Chumba kitiwe giza na tochi imulikwe kwa mshazari karibu na kioo. Picha hafifu ikionekana, kioo kinapokea picha vizuri na ni taa ya nyuma tu iliyozimika.

Mashine zilizotengenezwa kabla ya taa za LED kuenea, yaani takriban hadi mwaka 2009, nyingi hutumia mirija ya taa inayohitaji umeme wa mamia ya volti kutoka kwa kifaa kidogo kilicho chini ya kioo. Kiwambo huanza kuwa chekundu au hafifu kinapowashwa, dalili kwamba mrija unazeeka. Sehemu hiyo haifai kuguswa na asiye fundi. Mirija hiyo pia ina zebaki, na haipaswi kuvunjwa wala kutupwa pamoja na taka za jikoni.

Mwenye kununua kioo asitosheke na ukubwa wa inchi pekee. Nyuma ya kila kioo mna kibandiko chenye namba, kama zile zinazoanza kwa LP156, B156 au N156, ambapo 156 ni inchi 15.6. Kioo kipya kinapaswa kulingana na cha zamani kwa vipimo vya nukta, aina na idadi ya pini za kebo, mahali kebo inapochomekwa na vishikio vya skrubu. Vioo vingi vya eDP vina pini 30 na vingi vya LVDS vina pini 40. Kioo kisicholingana hakitafanya kazi, na kukilazimisha kunaweza kuiharibu bodi kuu.

Kumbukumbu, vumbi na joto

Picha ikiwa mbovu hata kwenye runinga na hata kabla ya Windows kuanza, tatizo liko ndani ya mashine. Cha kuchunguzwa kwanza ni kumbukumbu, hasa katika mashine ambazo chipu ya picha huazima sehemu yake.

Katika mashine nyingi za miaka iliyopita, kumbukumbu ni kadi inayochomolewa. Baada ya mashine kuzimwa, chaja kuchomolewa na betri kutenganishwa, kadi hutolewa, meno yake husuguliwa taratibu kwa kifutio laini, mabaki ya kifutio hupangushwa na kadi hurudishwa mahali pake hadi ilie. Zikiwa mbili, kila moja hujaribiwa peke yake ili kujua ipi ina kasoro. Katika mashine nyingi nyembamba za siku hizi, kumbukumbu imeunganishwa moja kwa moja na bodi, na kazi hiyo haiwezekani.

Kinachofuata ni joto. Mashine inayoonyesha picha safi asubuhi kisha ikaanza kuchafua kiwambo baada ya nusu saa ya kazi, huku feni ikivuma kwa nguvu, yaelekea imezibwa na vumbi. Katika maeneo yenye vumbi jingi, na kwa wale wanaoiweka mashine juu ya kitanda au kochi, matundu ya hewa huziba upesi. Kusafisha feni na kubadilisha lami ya kupitisha joto juu ya chipu ni ukarabati wa gharama ndogo.

Joto likiachwa kwa muda mrefu, madhara yake huwa makubwa zaidi. Chipu hutanuka inapopata moto na kunywea inapopoa, na viungo vidogo vinavyoishikilia huchoka hadi vikapasuka. Julai 2008, kampuni ya Nvidia ya Marekani ilitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na milioni 200 kugharimia dhamana na ukarabati wa baadhi ya chipu zake za vipakatalishi, baada ya kukiri kwamba malighafi iliyotumika kuzifungasha ilikuwa dhaifu. Februari 2015, Apple nayo ilianzisha mpango wa kutengeneza bila malipo baadhi ya MacBook Pro zilizouzwa kati ya 2011 na 2013, ambazo zilikuwa zikivuruga picha, kukosa picha au kujizima na kujiwasha. Mipango hiyo imekwisha kufungwa, na anayeuziwa mashine za miaka hiyo leo anapaswa kulijua hilo.

Baadhi ya mafundi huipasha chipu moto kwa hewa ya hita hadi picha irejee. Wateja wajue kwamba nafuu hiyo huwa ya wiki au miezi michache tu. Fundi anayeitoza kama tiba ya kudumu anamdanganya mteja. Tiba ya kweli ni kubadilisha chipu au bodi kuu, kazi ambayo kwa mashine ya mtumba huenda ikakaribia bei ya kununua nyingine.

Mbele ya fundi

Mwenye mashine aliyefanya majaribio hayo huingia kwenye karakana, iwe Luthuli Avenue jijini Nairobi au katika kituo cha biashara mashinani, akiwa na hoja. Fundi akimwambia kioo kimekufa, anaweza kuuliza ni kwa nini picha ilionekana mbovu hata kwenye runinga. Akiambiwa bodi imeungua, anaweza kuuliza ni kwa nini runinga ilionyesha picha safi.

Kabla ya kuiacha mashine, adai risiti yenye namba ya mashine, maelezo ya tatizo na bei waliyokubaliana. Aombe kurudishiwa kipuri cha zamani kikibadilishwa, na aijaribu mashine kwa angalau nusu saa kabla ya kulipa fedha zilizosalia. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mnunuzi wa bidhaa na huduma haki ya kupata kilicho na ubora unaostahili, pamoja na maelezo anayohitaji ili kunufaika nacho.

Faragha nayo isisahauliwe. Kubadilisha kioo au kebo hakuhitaji nywila ya mteja, kwa kuwa picha inaweza kukaguliwa kwenye menyu ya mipangilio ya msingi. Iwapo diski yaweza kutolewa kwa urahisi, ni salama zaidi kuibakisha nyumbani. Isipowezekana, mwenye mashine atoke kwanza katika akaunti zake za baruapepe na za benki.

Na pale gharama ya kioo inapozidi uwezo, kipakatalishi chenye chipu nzima bado kinaweza kutumika kikiwa kimeunganishwa na runinga au kiwambo cha mezani, hadi fedha zipatikane.

Kuzuia ni nafuu

Viwambo vingi huharibiwa na mazoea. Kifuniko kifunguliwe kwa kushikwa katikati ya ukingo wa juu, kwani kukivuta kwa pembe moja huzipinda bawaba na kuiumiza kebo. Kabla ya kukifunga, hakikisha hakuna kalamu, waya wa masikioni wala diski ndogo iliyosahaulika juu ya kibodi. Mashine isibebwe kwa kushikwa kiwambo, na isiwekwe chini ya vitabu vizito mkobani.

Kioo kisafishwe kwa kitambaa laini kilicholowa maji kidogo, mashine ikiwa imezimwa. Maji au dawa ya kusafishia madirisha ikinyunyizwa moja kwa moja, huteremka hadi ukingoni na kuzifikia chipu zilizo hapo.

Matundu ya hewa nayo yakaguliwe mara kwa mara na yasafishwe kabla hayajaziba. Gharama ya kusafisha feni ni ndogo mno ikilinganishwa na ya kubadilisha bodi kuu.